Usitupe mbachao: dawa ya kipakatalishi kikuukuu Migori na Homa Bay

Wazee wetu wa pwani walituusia tusitupe mbacha wetu kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Lakini mwenye msala ni mpita njia, na akiondoka huondoka nao, nawe ukabaki umekaa juu ya mchanga. Usia huu ulisemwa zamani, kabla ya umeme na kabla ya simu, walakini sijauona ukifaa mahali kama unavyofaa leo katika jambo la kompyuta kuukuu.

Katika siku nilizokaa baina ya Migori na Homa Bay, nyumba nyingi nilizokaribishwa zilikuwa na kipakatalishi kimoja kilicholala. Pengine kipo juu ya kabati kimefunikwa kitambaa, pengine chini ya kitanda pamoja na chaja yake. Neno lenyewe ni zuri, ndugu msomaji, kwani latokana na kupakata, kama mama ampakatavyo mwanawe pajani. Lakini hiki hakipakatwi tena. Ukiuliza, jibu ni moja: "Hicho kimekufa, mzee. Kimekuwa kizito, hakiendi."

Si haba kitu hicho kwa watu wa huku. Migori ni mji wa barabara kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Homa Bay umeielekea Ghuba ya Winam, katika ziwa ambalo Waluo huliita Nam Lolwe na ramani huliita Victoria. Baina yao na kandokando yao wako wakulima wa miwa wa Awendo, wachimba dhahabu wa Macalder na wavuvi wa Mbita na Rusinga. Aghalabu kipakatalishi kilinunuliwa kwa mavuno ya msimu mmoja, au kililetwa na ndugu afanyaye kazi Nairobi, tena kikiwa mtumba tangu siku ya kwanza. Mwaka 2013 serikali iliyoingia iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mradi ulipofika mashuleni mwaka 2016, walichopewa watoto ni tableti. Kwa hiyo kile kilichonunuliwa na wazazi ndicho kilichobaki kuwa mashine ya nyumba.

Na mashine ya nyumba ina kazi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kikuu kupitia mtandao, na mkopo wa masomo vivyo hivyo. Mwalimu hujaza tathmini yake ya Tume ya Kuajiri Walimu mtandaoni, na mwenye biashara hupeleka hesabu ya kodi kwa njia hiyo hiyo. Asiye na mashine hupiga foleni saiba, hulipa kwa dakika na kwa ukurasa, na humwachia mtu asiyemjua neno lake la siri. Hapana shaka basi kwamba kukifufua kile cha kabatini ni jambo la pesa na la heshima pia.

UGONJWA NI MZIGO

Fundi mmoja wa Migori, mwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango na nusu, alinionyesha vipakatalishi kumi na vitatu vilivyopangwa kama vitabu. "Mzee, hivi vyote vimeletwa kama maiti," alisema. "Lakini vilivyokufa kweli ni vinne. Vingine vimebebeshwa tu."

Maneno yake yana ukweli. Mashine iliyoundwa mwaka 2010 haipungui nguvu kwa umri kama mtu apunguavyo. Prosesa yake yahesabu leo kwa kasi ile ile ya siku ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni mzigo. Mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza na kuzisimamia programu nyingine zote, umekuwa ukinenepa mwaka hadi mwaka, na kurasa za intaneti zimenenepa zaidi. Diski ya zamani ya kuzunguka nayo hupata madoa ya ubovu, na vumbi huziba feni hata mashine ikapata joto na kujipunguzia mwendo yenyewe.

Juu ya hayo pana amri za wenye kampuni. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, ikaiacha Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha walipewa nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Mfumo ulioachwa hauzimiki siku hiyo. Huendelea kuwaka, ila nyufa zake hazizibwi tena, na wezi wa mtandaoni huzijua. Na Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa jumla ni za kuanzia mwaka 2018 hivi. Kipakatalishi cha mtumba cha mwaka 2012 kimefungiwa mlango, hata kiwe kizima namna gani.

Hapo ndipo wengi huingia mtego wa pili. Kuna mafundi watakaokuwekea Windows ya wizi kwa bei ya chai na maandazi. Lile programu la kuvunjia kufuli mara nyingi huja na virusi ndani yake, na mwenye mashine hajui kwamba mgeni aliyemkaribisha amekaa chumba cha ndani akisoma maneno yake ya siri. Sisemi habari ya halali na haramu tu, ingawa nayo ipo. Nasema pia habari ya usalama wa nyumba.

MLANGO ULIO WAZI

Uko mlango mwingine, wala haukufunguliwa jana. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo ambao mtu yeyote ataweza kuutumia, kuuchungua, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kilichoitwa Linux. Viwili hivyo vilipokutana, watu wa kila nchi wakaanza kuvifunga katika mafurushi mbalimbali, kila furushi na mapishi yake. Debian lilianza mwaka 1993. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyekuwa amekwenda anga za juu mwaka 2002, akatoa Ubuntu.

Jina hilo tulitazame kidogo sisi wapenzi wa lugha. Ubuntu ni neno la Kizulu na Kixhosa, na shina lake ni lile lile la mtu na utu katika Kiswahili. Yaani mfumo unaowaka katika mashine za ulimwengu mzima umepewa jina ambalo bibi wa Lamu angelitambua bila mkalimani. Na jina limesadifu kitu, kwa kuwa ruhusa ya mifumo hii ni kwamba ukishaipata waweza kumnakilia jirani, naye akamnakilia mwenzake, bila ya mtu kudaiwa. Katika mafunzo tuliyolelewa nayo, elimu inayoendelea kuwanufaisha watu ni sadaka isiyokatika. Flashi moja yenye mfumo wa namna hii yaweza kuzunguka kijiji kizima.

KABLA YA KUOSHA UBAO

Tuliosoma vyuoni, tukikaa mkekani mbele ya mwalimu, tuliandika masomo yetu juu ya ubao kwa wino. Somo likishaingia kichwani ubao huoshwa, likaandikwa jingine. Lakini ole wake mtoto aliyeosha ubao kabla ya kuhifadhi! Akiitwa kusoma, hana ubao na hana kichwa.

Kuweka mfumo mpya katika kipakatalishi ni kuosha ubao. Ukiambiwa na skrini kwamba diski yote itafutwa, nawe ukabonyeza ndiyo, kila kilichokuwamo kinakwenda na maji. Basi jambo la kwanza, hata kabla ya kuchagua, ni kuyatoa yaliyomo na kuyaweka mahali pawili.

Na hapa mifumo hii ina hekima ambayo watu wengi hawaijui. Huhitaji kuuweka ndipo uujaribu. Mtu huupakua kwenye mashine nzima, huuandika juu ya flashi kwa programu maalumu, huichomeka katika kipakatalishi kigonjwa, na huwasha huku akibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F12 katika Dell na Lenovo nyingi, Esc au F9 katika HP. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Hapo utaona kama waifai inashika, kama sauti inatoka, kama kibodi yote inaitika. Na utaweza kuifungua ile diski ya zamani, ikiwa bado inasomeka, ukanakili vitu vyako hata kama Windows yenyewe imekataa kuwaka.

PIMA CHOMBO NDIPO UPAKIE

Sasa lipi la kuchagua? Hapo vijana hugombana kama mashabiki wa mpira. Mimi nimewasikiliza, na naona hesabu ni nyepesi ikianzia kwenye mashine na si kwenye sifa.

Tazama kwanza ramu, yaani kumbukumbu ya kazi, ambayo ni kama upana wa meza ya fundi. Kisha uliza kama prosesa ni ya biti 64 au ya biti 32 peke yake.

Mashine yenye ramu ya gigabaiti 4 au zaidi, na prosesa ya biti 64, haina sababu ya kuteswa. Linux Mint ya namna ya Xfce yaifaa: wenyewe hutaja gigabaiti 2 kuwa kima cha chini na 4 kuwa raha. Sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows, kwa kuwa menyu iko chini kushoto pale pale. Xubuntu nayo hutumia Xfce hiyo hiyo. Kwa yule ambaye kazi zake zote ziko mtandaoni, Google ilitoa ChromeOS Flex mwaka 2022; nayo yataka gigabaiti 4, biti 64 na akaunti ya Google. Lakini mtu wa kisiwani ambaye bando lake huisha Jumatano asiitegemee hiyo, maana ukiuondoa mtandao huondoa nusu ya faida yake.

Mashine ya gigabaiti 2 na biti 64 ni ya Lubuntu, ambayo imevaa vazi jepesi liitwalo LXQt, au ya antiX, ambayo ni nyepesi zaidi lakini humtaka mtumiaji awe na subira ya kujifunza.

Mashine ya gigabaiti 1, au ya biti 32 tupu, ni mzee wa kuheshimiwa, na milango yake inazidi kufungwa. Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kutolewa na kisakinishi cha biti 32. Debian 13 ya Agosti 2025 haikuwa nacho. antiX 23 ya mwaka 2023 ina toleo la biti 32. Pia kuna Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ambayo ni ndogo hata hujipakia yote katika ramu na kukimbia humo. Mashine kama hiyo yaweza kuandikia barua, kuwekea hesabu na kusomea vitabu. Usiitake ikuonyeshe filamu.

KISA CHA MWALIMU WA HOMA BAY

Kwamba wepesi peke yake si dawa, nilifundishwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Homa Bay. Yeye ni mjane, tena ni katibu wa chama cha akina mama wauza omena. Kipakatalishi chake kilikuwa na ramu ya gigabaiti 2 na diski ya zamani, na kilichukua muda mrefu kuwaka hata alikuwa akikiwasha kisha akaenda kuteka maji. Ndani yake mlikuwa na daftari la chama kwa miaka sita: nani kaweka, nani kakopa, nani kabakisha. Mlikuwa pia na picha za marehemu mumewe ambazo hazipo mahali pengine.

Fundi wa kwanza aliyempelekea alimwambia neno moja: "Mwalimu, tunafuta yote, tunaweka Windows mpya." Alipouliza habari ya daftari, akajibiwa kwamba vitu vya zamani huenda na mfumo wa zamani. Alikichukua kipakatalishi chake akarudi nacho nyumbani. Chama kilikuwa karibu kugawana akiba ya mwisho wa mwaka, na bila ya lile daftari kila mama angalikuja na hesabu yake ya kichwani.

Aliyemfaa ni kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo. Alikuja na flashi, akawasha bila kugusa diski, na kwa muda wa saa tatu akanakili kila kitu, maana diski ilikuwa ikisitasita. Kisha kwa furaha ya ujana akamwekea Puppy. Kweli iliruka! Kipakatalishi kikawaka kabla maji ya chai hayajachemka.

Siku ya tatu mwalimu akamwita. "Mwanangu, mashine yako ina mbio, lakini jana nimeandika barua na leo siioni." Barua ilikuwapo. Puppy huhifadhi kazi kwa namna yake, na usipomwelekeza vizuri wakati wa kuzima, kazi yaweza kupotea. Kijana akaanza kumweleza. Mwalimu akamkatiza kwa upole: "Wewe wiki ijayo unarudi chuo. Nikikwama nitamuuliza nani?"

Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha jambo zima. Kijana alikuwa amechagulia mashine. Hakuwa amemchagulia mwenye mashine. Wakakaa tena. Kutoka kwa fundi wa mjini walipata kipande cha ramu kilichotolewa katika kipakatalishi kilichovunjika kioo, ikawa gigabaiti 4. Diski ya zamani ikatolewa, ikawekwa ndogo ya SSD isiyo na kitu cha kuzunguka ndani yake, na hilo peke yake liliongeza kasi kuliko mfumo wowote. Ndipo wakaweka Linux Mint ya Xfce, ambayo yule fundi wa mjini pia anaijua. Daftari la chama lilifunguka katika LibreOffice likiwa na safu zake zote. Kilichoharibika ni kichwa cha barua za chama tu, kwa sababu aina ya herufi haikuwamo, na mwalimu akakiandika upya jioni moja.

Akina mama waligawana akiba yao kwa karatasi zilizochapwa. Hakuna aliyeuliza mfumo gani umetumika.

NA LUGHA JE?

Jambo moja lilinisononesha. Mwalimu yule, ambaye siku nzima hufundisha kwa Kiswahili na nyumbani husema Kijaluo, husoma menyu zake kwa Kiingereza. Si kwamba hatukujaribu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba lugha yetu haishindwi na mashine. Lakini tafsiri ni kama paa la makuti, hutaka kuezekwa upya kila baada ya misimu. Na programu hizi hubadilika kila mwaka. Katika mifumo mingi leo Kiswahili kipo nusunusu, neno moja letu na la pili lao.

Huku Kenya watoto hufundishwa kusema tarakilishi, jirani zetu wa Tanzania wengine wakasema ngamizi, na watu wa sokoni pande zote mbili husema kompyuta. Tubishane, si vibaya, mabishano ni chumvi ya lugha. Ila mifumo hii iliyo wazi yatupa fursa ambayo ya kufuli haitupi: mtu yeyote aweza kujitolea kutafsiri. Vyuo viko karibu. Chuo Kikuu cha Rongo kiko katika kaunti ya Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa kompyuta wakikaa meza moja likizo moja, watafanya kazi itakayowafaa watu wasiowajua.

YASIYOTIBIKA

Nisije nikauza dawa ya magonjwa yote. Mfumo mwepesi hauwezi kuupunguza uzito wa intaneti yenyewe: kipakatalishi cha gigabaiti 2 kitafungua fomu ya kodi, lakini ukifungua kurasa kumi pamoja kitasimama kama punda mkaidi. Betri iliyokufa haifufuliwi na programu. Baadhi ya vifaa vya waifai hutaka programu ndogo ya ziada, na ndiyo sababu ya kujaribu kwa flashi kwanza. Mwenye programu ya kazi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake aulize kabla ya kuhama. Na bodi ikiungua, mshukuru aliyekitumia, toa vipande vinavyofaa, na kinachobaki kipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka hizo, na zilizothibitika kukusanywa na kutayarishwa upya ipasavyo hazikufika hata robo.

Alhasili, ndugu msomaji wa Migori, wa Homa Bay na wa kwingineko, kabla ya kukopa fedha ununue kipya, kishushe kile cha kabatini. Hifadhi yaliyomo. Pima ramu yake. Jiulize ni nani atakayekitumia, na atakapokwama atamwendea nani. Jibu la maswali hayo ndilo litakalokuchagulia mfumo.

Kwetu pwani mwenye jahazi likivuja hanunui jahazi. Huliburura mchangani, akalikalafati kwa pamba, akalipaka sifa, yale mafuta ya papa, kisha akalingoja maji yajae. Nami namalizia kwa beti moja:

Chombo kikipata nyufa, kisitupwe ufukweni,
Huzibwa kwa pamba, sifa, kikarejea majini,
Na tarakilishi kufa, si kwa uzee yakini,
Kipunguzie mizigo, kitafika bandarini.